Mashine ya Kumnyolea Bobi

Ndugu msomaji, mke wa askari hujifunza mapema kuhesabu vitu vinavyobaki nyumbani siku mumewe anapoondoka. Mwaka 2016, mume wangu alipopangwa kwenda Somalia pamoja na wanajeshi wa Burundi waliokuwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, alinichukua tukazunguka ua wa nyumba tuliyokuwa tumepanga mjini Muyinga. Akanionyesha kimoja baada ya kingine: bati lililovuja juu ya jiko, kijishamba cha maharagwe, daftari la deni la dukani, watoto watatu waliokuwa wakicheza mlangoni. Mwisho akasimama mbele ya mbwa wetu, Bobi, akasema, "Na huyu pia, mama watoto." Mimi nikaitikia bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia jambo dogo.

Bobi hakuwa mbwa wa asili ya kwetu. Mbwa wa milima yetu, kama ujuavyo, ana manyoya mafupi yaliyolala mwilini; akinyeshewa hujikung'uta mara mbili, akakauka. Bobi tulipewa na mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao, naye alikuwa na damu ya wale mbwa wa Ulaya ambao manyoya yao hujisokota kama sufu ya kondoo. Manyoya ya namna hiyo hayapukutiki kama ya mbwa wengine. Hukua tu, kama nywele za kichwa cha mtu, na yasipokatwa hayaachi kukua. Mgeni yule alikuwa akimnyoa mbwa wake mwenyewe kila baada ya wiki kadhaa. Alipoondoka alituachia mbwa, mnyororo na bakuli. Mashine ya kunyolea akaenda nayo. Hatukujua kuwa kilichokwenda kilikuwa nusu ya mbwa.

Mvua za masika zilipoanza, yale manyoya yaligandamana yakawa kama mkeka uliolowa. Kichana hakikupita. Chini ya mkeka ule kupe walijificha, ngozi ikawa nyekundu, na harufu ikaanza kututangulia kwa majirani. Bobi, ambaye zamani usiku alikuwa hatulii mpaka ameuzunguka ua wote, akawa analala pembeni ya kuni na kujikuna mpaka alfajiri. Usiku mmoja kuku wetu wawili walichukuliwa, naye hakuinua hata kichwa.

Kila Jumapili jioni simu ililia kutoka Mogadishu. Mume wangu hakupenda kusimulia mambo ya huko, nami sikuthubutu kuuliza. Aliuliza habari za watoto, kisha akauliza, "Na Bobi hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo." Nilimwambia hivyo Jumapili nne mfululizo. Wake wenzangu watanielewa: mtu aliye vitani hupelekewa habari njema hata kama ni za kuazima. Lakini uongo ni uongo, hata ukiwa juu ya mbwa, na kila nilipoweka simu chini nilimkuta Bobi ananitazama.

Hatimaye nilimfunga kamba nikampeleka kwa kinyozi wa mtaani kwetu, mzee wa Kiislamu aliyekuwa amenyoa vichwa vya Muyinga kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, usidhani ni chuki. Wateja wangu wakitoka hapa wanakwenda msikitini. Wakisikia mashine hii imepita juu ya mbwa, nitakuwa nimewadanganya." Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa alisema kweli. Lakini nilirudi nyumbani nimeona haya, na haya ni mshauri mbaya.

Nyumbani tulikuwa na mashine moja ya umeme. Mume wangu aliinunua kwa ajili ya nywele zake na za wanawe, maana askari hapendi kumngoja kinyozi kila wiki. Nikasema moyoni: nywele ni nywele. Nikamwita mwanangu mkubwa amshike mbwa, nikaichomeka mashine, nikaanza.

Haikuchukua dakika tano. Mashine ilijaa manyoya na matope, ikaanza kukokota badala ya kukata. Nikakandamiza. Meno yakapata moto bila mimi kujua, kwa kuwa mkono wangu ulishika plastiki iliyo baridi. Aliyegusana na chuma ni Bobi. Nilipofika kwapani, mahali ambapo ngozi hulegea na kujikunja, nikasikia mlio nisiousahau. Kidonda hakikuwa kikubwa, ila damu ilitoka, na yule mbwa ambaye hajawahi kumwonyesha mtoto meno yake alimwonyesha mwanangu. Tukamwachia. Akakimbia akiwa amenyolewa ubavu mmoja, akajificha chini ya kitanda mpaka kesho yake.

Hilo halikuwa kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa nililifanya Jumapili iliyofuata. Niliifuta ile mashine kwa kitambaa, nikawanyoa wanangu wawili kwa ajili ya shule. Wiki chache baadaye vichwa vyao vilikuwa na miduara iliyopukutika nywele, yenye magamba meupe. Mapunye! Muuguzi aliyewatazama aliniuliza swali moja tu: "Nyumbani kuna mnyama?" Akanieleza kuwa kuna kuvu anayeishi kwenye manyoya ya mbwa na paka, wakati mwingine bila kuonyesha dalili kubwa, naye huhamia kwa mtoto kupitia kichana, taulo au mashine. Na mapunye ya kichwani hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake, kwa sababu kuvu huingia mpaka kwenye shina la unywele. Hapana budi dawa ya kumeza, tena kwa wiki kadhaa. Nilihesabu gharama ya dawa zile nikaona ningeweza kununua mashine mbili.

Jumapili ile simu ilipolia, sikusema "hajambo." Nilimweleza mume wangu yote: kuku, kidonda, mapunye, na zile Jumapili nne. Kulikuwa na kimya upande wa pili, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Nilijua. Zamani nikipiga simu nilimsikia anabweka." Hakunigombeza. Akaniambia tu nimwoshe mbwa vizuri, na nisimkimbize.

Habari za mtaani hazina mlango. Siku chache baadaye yule mzee kinyozi alikuja mpaka uani kwangu na kitu kilichofungwa katika gazeti. Ilikuwa mashine ya mkono, ile ya kale yenye vishikio viwili kama koleo, aliyoitumia kabla umeme haujafika mtaani kwao. Alikuwa ameinoa na kuipaka mafuta. "Hii sitaitumia tena," akasema, "chukua moja kwa moja. Ila usiivute kabla mkono haujafunga, maana hung'oa nywele badala ya kuzikata."

Nilimnyoa Bobi kwa mashine ile siku mbili, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Haikupiga kelele, haikupata moto, wala haikungoja umeme urudi. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya pili alisinzia. Ngozi ikapata hewa, kupe wakaonekana, dawa ikafika mahali pake. Baada ya majuma mawili alianza tena kuzunguka ua usiku. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbwa wangu hakuwa mvivu wala mzee. Alikuwa amefungwa ndani ya koti ambalo sisi tulishindwa kumvua.

Mume wangu alirudi salama mwaka 2017. Mwaka 2019, Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi, naye alihamishiwa huko, tukapakia vyombo vyetu kwenye lori, Bobi juu ya magodoro, tukashuka kwa njia ya Karuzi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kuuma kwa ile mashine ya koleo, basi nikaazimia kununua ya umeme, lakini safari hii kwa akili. Ndugu msomaji, nitakueleza niliyojifunza kwa mpangilio, ili usilipe karo niliyolipa mimi.

Jambo la kwanza ni kumtazama mbwa kabla ya kuitazama mashine. Jirani yetu wa Gitega, mke wa askari polisi, alikuwa na mbwa wa Kijerumani mwenye masikio yaliyosimama, naye alitaka nimnyolee kwa sababu ya joto la kiangazi. Nilikataa. Mbwa wa aina hiyo ana manyoya ya tabaka mbili: ya nje magumu, ya ndani laini kama pamba. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Manyoya yale mawili humkinga na baridi, humkinga pia na jua, na ukiyanyoa huenda yasiote tena kama yalivyokuwa. Huyo anahitaji brashi yenye nguvu, si mashine. Mbwa wetu wa asili mwenye manyoya mafupi naye hahitaji mashine kamwe. Mashine ni kwa ajili ya mbwa wa manyoya yanayokua bila kukoma, au kwa mahali alipoagiza daktari wa mifugo kwa sababu ya kidonda. Watu wengi wanaoulizia mashine wangetosheka na kichana cha chuma.

Jambo la pili ni umeme. Dada yangu alikuwa miongoni mwa Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuhamishiwa Marekani kutoka makambi ya Tanzania, safari zilizoanza mwaka 2007. Aliposikia habari za Bobi alinipelekea mashine nzuri sana kwa mkono wa msafiri. Nilipoichomeka ilinguruma kama pikipiki, ikatoa moshi, ikanyamaza milele. Ilikuwa imetengenezwa kwa volti 120. Umeme wetu ni volti 220. Fundi wa redio alinifungulia mashine ile akanionyesha ndani. Meno ya mashine ni vitana viwili vya chuma: kimoja kimetulia, kingine hukimbia juu yake kushoto na kulia, na unywele ulioingia katikati hukatwa kama ndani ya mkasi. Katika mashine nyingi za bei nafuu kinachokimbiza kitana hicho ni sumaku ya umeme. Umeme wetu huwa na mizunguko 50 kila sekunde, na sumaku huvuta mara 2 katika kila mzunguko, hivyo meno hupiga mara 6,000 kwa dakika. Umeme wa Marekani una mizunguko 60. Kwa hiyo hata ukinunua transfoma ya kupunguza volti, mizunguko haibadiliki, na mashine ya sumaku iliyopimwa kwa 60 yaweza kulegea au kupiga makelele. Soma kibandiko kilicho chini ya mashine kabla hujatoa fedha. Kikiandikwa 220–240 na 50, ni ya kwetu.

Mashine nyingine huendeshwa na mota inayozunguka. Hizo ni nzito zaidi na bei yake ni kubwa zaidi, lakini haziishiwi nguvu zikikutana na manyoya mazito. Kwa mbwa kama Bobi hiyo ndiyo inayofaa. Na kwa kuwa umeme wetu una desturi ya kukatika pasipo kuaga, nilichagua yenye betri ya kuchaji, ambayo pia hufanya kazi ikiwa kwenye waya. Mbwa aliyenyolewa nusu umeme ukakatika ni kichekesho cha mtaa mzima. Nakuambia kwa kuwa ninaye aliyewahi kuwa hivyo.

Jambo la tatu ni meno, na hapa nilifanya kosa langu la mwisho. Mashine za wanyama huuzwa na meno ya kubadilisha, nayo yana namba. Mimi nilizoea vichana vya plastiki vya kinyozi, ambavyo namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 huacha milimita 6, yaani namba ikipanda nywele nazo huwa ndefu. Nikamwambia muuzaji anipe namba kubwa, maana Gitega ina baridi nami nilitaka kumwachia mbwa manyoya ya kutosha. Akanipa namba 40. Sikujua kuwa kwenye meno ya wanyama hesabu imegeuzwa kichwa chini: namba ikipanda nywele huwa fupi. Namba 4 huacha kadiri ya milimita 9, namba 7 huacha milimita 3, namba 10 huacha milimita moja na nusu, na namba 40 huacha kadiri ya nusu ya nusu ya milimita tu. Hiyo ni ya madaktari wanapotayarisha ngozi kwa kupasua. Nilipoinua macho, mgongo wa Bobi ulikuwa unang'aa kama ganda la yai. Mume wangu alitoka ndani, akamtazama, akasimama wima akampigia saluti. "Mama watoto," akasema, "umeniletea kuruti." Tulicheka mpaka machozi, lakini usiku, maana ulikuwa mwezi wa Juni, Bobi alitetemeka, na kwa majuma matatu alilala amevaa sweta kuukuu la jeshi lililokatwa mikono.

Basi kumbuka: kwa kazi ya kawaida ya nyumbani namba 10 hutosha kuanzia, kwa kuwa si rahisi kukata ngozi nayo na hupita chini ya manyoya yaliyogandamana. Namba 7 na namba 4 huacha koti la kumfaa mbwa, ila huhitaji manyoya yaliyochanwa vizuri kwanza, na zile zenye meno yaliyoachana sana, moja refu na moja fupi, zaweza kunasa mkunjo wa ngozi. Meno ya kauri hukawia kupata moto, lakini yakianguka sakafuni huvunjika. Meno ya chuma hupata moto mapema, lakini hunoleka. Mimi, mwenye watoto na sakafu ya saruji, nilichagua chuma.

Jambo la nne ni sauti na uzito. Sikio la mbwa husikia sauti nyembamba mno ambazo sikio letu halizipati kabisa. Mlio unaokuudhi wewe kidogo, yeye humtesa. Mwombe muuzaji awashe mashine ukiwa umeishika. Ikikutetemesha mpaka kiwiko, iache. Mimi nilikwenda sokoni Gitega na kipande cha ngozi ya mbuzi chenye manyoya yake, nikamwomba muuzaji anijaribie juu yake. Alidhani nina wazimu, lakini mashine mbili za kwanza zilikwama, ya tatu ikapita kama kisu kwenye siagi. Nilinunua ya tatu. Bei yake ilikaribia bei ya mbuzi mwenyewe.

Jambo la tano ndilo ninaloliandika kwa uchungu: mashine ya mbwa ni ya mbwa. Leo Wahl alipoanzisha kiwanda chake mjini Sterling, Illinois, mwaka 1919, na Mathew Andis chake mjini Racine, Wisconsin, mwaka 1922, walikuwa wakiwafikiria vinyozi wa watu. Leo makampuni yao hutengeneza mashine za watu na za wanyama pia, lakini kila moja katika kasha lake. Nasi tufanye vivyo hivyo nyumbani. Ya Bobi imefungwa utepe mwekundu, nayo hulala stoo. Ya wanangu hulala kabatini. Hazijawahi kukutana.

Ukishaipata mashine, kazi yenyewe si ngumu ila inataka utulivu. Mwoshe mbwa kwanza, mkaushe kabisa, mchane. Matope huua meno kuliko kazi. Paka matone machache ya mafuta ya mashine kwenye meno kabla na baada. Lala na uelekeo wa manyoya, kuanzia bega kwenda nyuma, ukiiweka mashine bapa na kuinyosha ngozi kwa mkono wa pili. Usikandamize. Kila baada ya dakika chache gusisha meno kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Yakikuchoma wewe, yanamchoma naye, kwa hiyo zima upumzike. Kwapa, kinena, ncha za masikio na katikati ya vidole uziache mwisho, na vidole uvitazame vizuri, kwani funza hupenda kujificha hapo. Usimkamate kwa nguvu mbwa anayekataa. Acha, urudi kesho. Na mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya yote. Akikuuma, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha wende hospitalini siku ileile, hata kama ni mbwa wako unayempenda.

Bobi sasa ni mzee. Macho yake yana ukungu, na manyoya ya mdomoni yamekuwa meupe. Kila mwezi, Jumamosi moja mchana, tunaweka meza ndogo chini ya mparachichi. Mume wangu humshika kichwa, mimi huendesha mashine. Mashine ya sasa ina sauti ndogo kiasi kwamba mtu aweza kuzungumza bila kuinua sauti.

Mume wangu si mtu wa maneno. Tangu aliporudi, mtu akimwuliza habari za Somalia hujibu kuwa kulikuwa na joto. Lakini chini ya mparachichi ule, mikono yake ikiwa imeshika kichwa cha mbwa na macho yake yakiwa hayana haja ya kunitazama, ameniambia mambo. Siku moja ni habari za rafiki yake aliyekuwa akilala kitanda cha pili. Siku nyingine ni barabara moja, asubuhi moja. Huongea polepole, manyoya yakianguka, na ninapofika masikioni hunyamaza, maana hapo Bobi hutaka utulivu. Mwezi unaofuata huendelea.

Siku moja alinieleza kwa nini kila Jumapili aliulizia mbwa. "Nilikuwa naogopa kuuliza kama ninyi mko salama," alisema. "Nikaona niulize juu ya Bobi, nisikilize utakavyojibu." Nilizima mashine. Nikagusisha meno kwenye kifundo cha mkono wangu kuona kama yamepata moto. Yalikuwa baridi, lakini nilingoja kidogo kabla ya kuiwasha tena.

Wake wenzangu wa askari, nanyi akina baba mlioko kazini, kama mnaye mbwa wa manyoya marefu, msingoje mpaka koti lake liwe gereza. Nunueni mashine yake, isomeni namba, ipakeni mafuta. Ile ya kale ya mkono bado ninayo. Naipaka mafuta kila Jumamosi hiyohiyo, na tunapokwenda Muyinga humpitia yule mzee kumwamkia. Kila mara huniuliza habari za watoto, kisha huuliza, "Na mbwa wako hajambo?" Namjibu hajambo, na siku hizi nasema kweli.